Nyumba ya Mtumiaji na Mlango wa Mbali

Saraka ya nyumbani ni sehemu ya diski ambayo mfumo endeshi humkabidhi mtumiaji mmoja awe mwenyewe humo. Huko huweka faili zake, mapendeleo yake na, siku hizi, funguo zinazomfungulia kompyuta nyingine. Anayeingia kwenye kompyuta ya Unix au Linux hutua hapo kwanza, kama msafiri anayeshushwa mlangoni pake. Jambo hili limezoeleka hata linaonekana kama la kimaumbile. Hata hivyo lilibuniwa na watu, na historia yake haitengani na historia ya nywila wala ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Tangu siku ya kwanza mashine ilipomuuliza mtu yeye ni nani, ilitaka kujua imfungulie nyumba ipi.

Katika miaka ya 1950 kompyuta haikuwa na wakazi. Kazi zililetwa zimetobolewa kwenye kadi, zikapangwa foleni na kufanywa moja baada ya nyingine, kisha mwenyewe akarudi baadaye kuchukua karatasi za majibu. Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS. Humo watu kadhaa waliketi kila mmoja kwenye terminali yake, na mashine moja ikawahudumia kwa zamu fupi mno, kiasi kwamba kila mtu alijiona yuko peke yake. Faili zao wote zilikuja kukaa kwenye diski moja, na kila mtumiaji akawa na saraka yake. Corbató alieleza baadaye kwamba nywila iliingizwa kwa sababu hiyohiyo: watu wengi, kila mmoja ana faili zake za faragha, basi kila mmoja apewe kufuli lake. Kwa hiyo nywila ilizaliwa kuwa kitasa cha nyumba. Kazi ya kuthibitisha utambulisho wa mtu mbele ya dunia nzima ilibebeshwa baadaye.

Kitasa hicho kilikuwa dhaifu. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu aliyepangiwa saa nne tu za kompyuta kwa wiki, alipeleka kadi ya kuomba faili fulani ichapwe. Ilikuwa faili ya nywila za watumiaji wote, na ikachapwa. Alikaa miaka 25 kabla ya kukiri.

Tukio la mwaka 1966 lilikuwa zito zaidi, na linastahili kuelezwa polepole. Kihariri cha CTSS, kila kilipofungua faili, kiliunda faili ya muda ndani ya saraka ya mtumiaji na kuipa jina lilelile siku zote. Hapakuwa na ubaya wowote, maana kila mtu alikuwa na saraka yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia mara mbili kwa wakati mmoja. Kisha kanuni hiyo ikalegezwa kwa waandaaji wa mfumo wenyewe, waliohitaji kufanya kazi pamoja katika saraka moja. Siku moja mmoja wao alikuwa akihariri ujumbe wa siku, ule unaoonyeshwa kwa kila anayeingia, huku mwenzake akihariri faili ya nywila. Faili mbili za muda, zote zenye jina moja, zikagongana ndani ya saraka ile. Zilipohifadhiwa zikawa zimebadilishana mahali, na kila aliyeingia akapokewa na orodha kamili ya nywila za watumiaji wote. Kihariri kilifanya kilichoagizwa, na nywila zilikuwa nzima. Kilichovunjika ni dhana iliyokaa kimya chini ya mfumo, kwamba jina moja ndani ya nyumba moja litamaanisha kitu kimoja daima.

MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell walishirikiana kutengeneza mrithi wa CTSS, aliyeitwa Multics. Mwaka 1965 Robert Daley na Peter Neumann walichapisha muundo wa mfumo wake wa faili. Saraka iliweza kuwa ndani ya saraka, nayo ndani ya nyingine, mpaka ukapatikana mti uliopinduliwa, mzizi wake juu na matawi chini. Mtumiaji akawa na tawi lake chini ya mradi wake, na kila faili ikawa na orodha ya walioruhusiwa kuigusa. Jina la faili likageuka kuwa njia, maelezo ya namna ya kufika kutoka mzizini hadi jani. Watu walioandika faili mbili zenye jina moja hawakugongana tena, kwa kuwa njia zao zilikuwa tofauti.

Maabara za Bell zilijitoa kwenye Multics mwaka 1969. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wameonja raha ya mfumo wa pamoja, wakaanza kujijengea mfumo mdogo kwenye kompyuta kuukuu ya PDP-7. Ndio uliokuja kuitwa Unix. Katika toleo hilo la awali saraka zilikuwapo lakini njia ndefu hazikuwapo: mtu hakuweza kutaja faili iliyo nje ya saraka alimosimama. Dawa yao ilikuwa saraka iliyoitwa dd, yaani saraka ya saraka, iliyobeba majina ya saraka za watumiaji wote. Mtu aliyetaka kwenda kwa Ken alipitia dd kwanza, kama mgeni anayepita kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kuonyeshwa nyumba.

Katika siku hizo lilitokea jambo dogo ambalo Ritchie alilisimulia miaka mingi baadaye. Mfumo ulikuwa umebadilishwa ili kila amri iendeshwe na mchakato wake wa pekee, mtoto wa ule unaopokea amri. Wakiwa bado wanafurahia mafanikio hayo, waligundua kwamba amri ya kuhama saraka, chdir, imeacha kufanya kazi. Walisoma msimbo tena na tena kabla ya kuelewa. Mchakato mtoto ulikuwa ukihama kama ulivyoagizwa, kisha ukafa, na mzazi akabaki palepale alipokuwa. Mahali mtu aliposimama palikuwa sifa ya mchakato mmoja tu, si ya terminali wala ya kompyuta nzima. Wakairekebisha kwa kuiweka chdir ndani ya mchakato mzazi, na ndivyo amri ya cd inavyofanya kazi hadi leo. Mbegu ilikuwa imepandwa hapo, kwamba michakato miwili katika mashine moja inaweza kuiona dunia kutoka mahali pawili tofauti, ingawa ilichukua zaidi ya miaka 20 kukomaa.

Unix ilipohamia kwenye PDP-11, njia kamili zenye mikwaju zilianza kutumika, na nyumba za watumiaji zikakaa chini ya /usr, kwenye diski yake. Programu za mfumo zilipozidi uwezo wa diski ya kwanza zilimwagikia humohumo, wakazi na mitambo wakabanana. Hatimaye nyumba zilihamishiwa kwingine, na mifumo mingi ya leo huziweka chini ya /home. Jina /usr lilibaki na mitambo, na wanafunzi wengi huumiza vichwa wakitafuta watumiaji ndani ya saraka ambayo waliihama zamani.

Mkataba kati ya mtu na nyumba yake uliandikwa katika mstari mmoja wa faili ya /etc/passwd. Mstari huo, kwa umbo lililokuja kuenea, una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta pacha: jina la mtumiaji, nywila iliyofumbwa, namba yake, namba ya kundi lake, maelezo kumhusu, njia ya nyumba yake, na programu itakayopokea amri zake. Mtu anapoingia, mfumo hulinganisha nywila, huvaa namba ya mtumiaji huyo, huhamia nyumbani kwake na kuwasha programu ile. Namba ndiyo inayohesabika. Faili kwenye diski hazimjui mwenyewe kwa jina. Humjua kwa namba tu, na udhaifu huo utaonekana baadaye.

Alama ya kiwimbi, ~, ambayo leo husomwa «nyumbani», ina asili ya kuchekesha. Bill Joy wa chuo kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akitumia terminali ya ADM-3A, ambayo kibonye chake cha Home kilibeba pia alama hiyo. Aliitumia katika programu yake ya kupokea amri, nayo ikasambaa duniani ikiwa imetengana na kibonye kilichoizaa. Faili zilizofichwa nyumbani, zile zinazoanza na nukta, nazo hazikupangwa na mtu. Rob Pike alieleza kwamba amri ya kuorodhesha faili ilikusudiwa kuruka majina mawili tu, nukta moja na nukta mbili, lakini kwa njia ya mkato ikaandikwa iruke kila jina linaloanza na nukta. Kwa mlango huo wa nyuma nyumba ya mtumiaji ilipata uvungu, na humo ndimo yalimoishia mambo ya siri kuliko yote.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha makala kuhusu usalama wa nywila katika Unix. Kati ya nywila 3,289 walizokusanya kwa watumiaji, asilimia 86 ziliweza kupatikana kwa kujaribu maneno mafupi na yale ya kamusi. Ndipo nywila zikaanza kufumbwa kwa hesabu iliyopunguzwa kasi makusudi, pamoja na chembe ya bahati nasibu yenye thamani 4,096 zinazowezekana, ili watu wawili wenye nywila moja wasionekane sawa ndani ya faili. Morris huyu atarudi katika historia hii kwa njia asiyoitarajia.

Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeanza kuunganishwa. Itifaki ya Telnet, iliyoanza kufikiriwa mwaka 1969 kwa ajili ya mtandao wa ARPANET na kusanifiwa rasmi Mei 1983, ilimwezesha mtu aliyeketi mji mmoja kuingia kwenye kompyuta ya mji mwingine. Kila herufi aliyobonyeza ilisafiri wazi, nywila ikiwa mojawapo, na yeyote aliyeketi kwenye waya katikati ya njia aliweza kuisoma. Mwaka 1983 toleo la Unix la Berkeley, 4.2BSD, lilileta rlogin, iliyomwondolea mtumiaji usumbufu wa kuandika nywila. Ilitosha aweke nyumbani kwake faili iitwayo .rhosts, ndani yake ataje kompyuta na watumiaji anaowaamini. Yeyote aliyekuja kutoka huko alipita bila kuulizwa. Uamuzi wa nani aingie kutoka mbali, uliokuwa wa msimamizi wa mfumo, ukashushwa hadi nyumbani kwa kila mtu. Uthibitisho wenyewe ulitegemea anwani ya kompyuta inayopiga hodi, pamoja na desturi kwamba milango ya mtandao yenye namba chini ya 1024 hutumiwa na msimamizi peke yake. Desturi hiyo ilikuwa na maana pale tu kila msimamizi alipokuwa mtu mwaminifu anayefahamika.

Gharama ilijulikana usiku wa tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, aliachia kwenye mtandao programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ilitumia kasoro za programu za sendmail na finger, lakini ilikuwa na njia nyingine iliyohusu nyumba moja kwa moja. Ilisoma faili ya nywila na kujaribu jina la kila mtumiaji, jina hilo likisomwa kinyume, kisha orodha yake ya maneno 432. Ilipofanikiwa kwa mtu mmoja, iliingia nyumbani kwake, ikasoma .rhosts yake, na kwenda kwenye kila kompyuta iliyotajwa humo. Orodha ya marafiki ikawa ramani ya uvamizi. Kompyuta takriban 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye intaneti zilikadiriwa kuambukizwa. Baba wa kijana huyo ndiye Robert Morris aliyeandika makala ya nywila ya 1979. Kijana alihukumiwa kipindi cha uangalizi cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050.

Vyuo vikubwa vilikuwa na tatizo lingine: wanafunzi maelfu na kompyuta mamia, na kila mwanafunzi anataka kuikuta nyumba yake popote anapoketi. Mfumo wa NFS wa kampuni ya Sun, uliotoka katikati ya miaka ya 1980, ulipeleka nyumba kupitia mtandao, lakini seva iliamini namba ya mtumiaji iliyotajwa na kompyuta inayoomba. Aliyeishika kompyuta yake mwenyewe aliweza kujipa namba yoyote na kuingia nyumbani kwa mwingine. Mradi wa Athena, ulioanzishwa MIT mwaka 1983, ulijibu kwa kutengeneza Kerberos, ambamo seva ya kuaminika hutoa tiketi zilizosimbwa na zenye muda maalumu. Mfumo wa faili wa AFS kutoka chuo cha Carnegie Mellon ulijengwa juu ya wazo la namna hiyo: bila tiketi, hata mtumiaji mkuu wa kompyuta, root, hakuweza kufungua nyumba ya mtu. Ulinzi huo ulizaa fundo. Ili ampe mtu tiketi, mlinzi lazima kwanza amtambue, na ikiwa kitambulisho chake kiko ndani ya nyumba iliyofungwa, mlinzi hawezi kukisoma. Wasimamizi walilazimika kuacha sehemu ya nyumba wazi kwa wote ili mambo yaende.

Mwaka 1995 katika chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, Finland, iligunduliwa kwamba nywila zilikuwa zikinaswa kwenye mtandao wa chuo. Tatu Ylönen, mtafiti wa hapo, aliandika programu ya kuchukua nafasi ya Telnet na rlogin kwa pamoja, akaiita SSH. Aliwaandikia wagawaji wa namba za mtandao akiomba mlango namba 22, uliokuwa mtupu kati ya 21 wa FTP na 23 wa Telnet, akapewa haraka. Programu ilitolewa Julai 1995. Mwaka haujaisha, watumiaji wake walikadiriwa kuwa 20,000 katika nchi 50.

SSH haikuondoa wazo la .rhosts kwamba mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aingie. Ilichobadilisha ni aina ya ushahidi. Mtumiaji huunda jozi ya funguo. Ule wa siri hubaki katika saraka ya .ssh nyumbani kwake, na wa wazi hunakiliwa kwenye faili ya authorized_keys katika nyumba yake ya mbali. Anapopiga hodi, hutakiwa kutia saini ambayo mwenye ufunguo wa siri peke yake anaweza kuitia, na ufunguo wenyewe hausafiri kamwe. Kompyuta ya mbali nayo hujitambulisha kwa ufunguo wake, ambao mtumiaji huuhifadhi katika faili ya known_hosts, nayo iko nyumbani. Udhaifu uliobaki ni mara ya kwanza, pale mtu anapoulizwa kama ufunguo asiowahi kuuona ni wa kweli, na wengi hujibu ndiyo bila kuuchunguza.

Kwa mpango huu, haki za kuandika ndani ya saraka ya nyumbani zikawa jambo la usalama wa mtandao mzima. Seva ya SSH huikataa authorized_keys ikiwa saraka ya .ssh, au hata nyumba yenyewe, inaweza kuandikwa na mtu mwingine. Watumiaji wapya hulalamika kwamba funguo zao ni sahihi na bado wanakataliwa. Sababu ni kwamba mwenye haki ya kuandika katika saraka anaweza kubadilisha majina yaliyomo. Anaweza kuisogeza .ssh kando na kuweka yake yenye jina hilohilo, bila kugusa faili hata moja ya mwenyewe. Kufuli la chumba halina kazi ikiwa jirani anaweza kukibeba chumba kizima na kuleta kingine.

Leseni ya SSH ilipoanza kubana, wasanidi wa mfumo endeshi wa OpenBSD walilichukua toleo la awali lililokuwa huru na kuzindua OpenSSH mwaka 1999. Ndiyo inayotumika karibu kila mahali leo. Itifaki ya pili, iliyorekebisha kasoro za ya kwanza, ilichapishwa kuwa kiwango rasmi Januari 2006. Mwaka huohuo mabadiliko yaliyofanywa katika mfumo wa Debian yalidhoofisha chanzo cha bahati nasibu cha maktaba ya usimbaji ya OpenSSL. Kasoro ilipofichuliwa Mei 2008 ilionekana kwamba funguo zilizotengenezwa humo, kwa kila aina na ukubwa, zilikuwa takriban 32,767 tu, idadi ambayo mshambuliaji angeweza kuijaribu yote. Wasimamizi duniani kote ilibidi wapite nyumba kwa nyumba wakisaka funguo mbovu.

Mbegu ya chdir nayo ilikuwa imeanza kukua. Toleo la saba la Unix, mwaka 1979, lilileta chroot: kama mchakato unaweza kuwa na mahali pake pa kusimama, basi unaweza kupewa hata mzizi wake. Mchakato uliofungiwa hivyo huona tawi moja la mti na kuamini ndio mti mzima. Chroot haikukusudiwa kuwa gereza, na mtumiaji mkuu aliyefungiwa humo alijua njia za kutoka.

Waliolifikisha wazo hilo mwisho wake walikuwa walewale wa maabara za Bell. Mfumo wao wa Plan 9, ulioelezwa katika makala ya mwaka 1992 kuhusu matumizi ya nyanja za majina, ulimpa kila mchakato uwanja wake wa majina, yaani jumla ya majina yote unayoweza kuyataja na vitu ambavyo majina hayo huvielekea. Huko hakuna mti mmoja wa wote. Saraka ya programu, /bin, ni muungano wa saraka kadhaa, mojawapo ya nyumbani kwa mtumiaji, na kila mtu huunganisha apendavyo bila kumwathiri jirani. Vifaa, madirisha na mitandao vyote vina sura ya faili, na huletwa kutoka mbali kwa itifaki moja, 9P. Kuingia kwenye kompyuta ya mbali kulipata maana mpya kabisa. Amri ya cpu haimpeleki mtu ugenini mikono mitupu. Uwanja wa majina wa terminali yake husafiri naye, na faili zake huonekana huko chini ya /mnt/term. Mtumiaji mwenye mamlaka yote, root, hayupo. Plan 9 haikuenea, na hilo ni hasara, kwa kuwa mengi ambayo mifumo mingine imeyafikia kwa kuunga viraka, humo yalikuwa msingi.

Mfumo endeshi wa FreeBSD 4.0, mwaka 2000, ulileta magereza halisi, kazi ya Poul-Henning Kamp na Robert Watson, ambamo hata root aliyefungwa hana nguvu nje ya kuta. Linux ilianza na uwanja wa majina wa faili, ulioandikwa na Al Viro na kuingia katika toleo 2.4.19 mwaka 2002. Alama yake katika msimbo iliitwa CLONE_NEWNS, «uwanja mpya», bila kutaja uwanja wa nini, maana haikutarajiwa kwamba nyingine zingefuata. Zilifuata: za majina ya kompyuta, mawasiliano, namba za michakato, mitandao, na mwaka 2013 za watumiaji. Katika hizi za mwisho, kazi kubwa ya Eric Biederman, mtu anaweza kuwa root ndani huku nje ni mtumiaji wa kawaida. Namba ile ya zamani, ambayo NFS iliiamini kupita kiasi, sasa humaanisha kitu kulingana na mahali inaposomewa. Machi mwaka huohuo ilitangazwa Docker, na kontena zilizojengwa juu ya nyanja hizi zikawa chakula cha kila siku cha wasanidi.

Faida ya kimya zaidi iko katika huduma za kawaida. Programu ya systemd, inayoanzisha huduma katika Linux nyingi, inaweza kuipa huduma saraka yake ya pekee ya faili za muda, au kuifanya ione /home tupu kama kwamba hakuna mtu anayeishi kwenye mashine. Programu mbili zinazounda faili ya muda yenye jina moja hazigongani tena. Ajali ya CTSS ya mwaka 1966 isingetokea humo, hata kihariri kikiachwa na kosa lake lilelile.

Mlinzi wa mlango naye alifungiwa. Mwaka 2002 Niels Provos aliigawa seva ya OpenSSH vipande viwili: kimoja kidogo chenye mamlaka, na kingine kinachozungumza na mgeni kikiwa kimefungiwa kwa chroot ndani ya saraka tupu mpaka mgeni atambuliwe. Hata hivyo tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, msanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba alikuwa amefuatilia ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde katika kuingia kwa SSH na kukuta mlango wa siri. Ulikuwa umepandikizwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya maktaba ya kubana data ya xz, ambayo haikuhusiana na SSH isipokuwa kwa kuunganishwa kupitia systemd katika baadhi ya mifumo. Aliyekuwa na ufunguo maalumu angeweza kutoa amri kabla mlinzi hajamtambua, na hapo haki za saraka ya nyumbani zisingekuwa na neno la kusema.

Nyumba yenyewe ilibadilika mwaka 2020, toleo 245 la systemd lilipoleta systemd-homed, wazo la Lennart Poettering. Nyumba hukunjwa kuwa faili moja iliyosimbwa, ikiambatana na kumbukumbu za mtumiaji zilizotiwa saini, na inaweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mtu anapoondoka hufungwa, na nywila yake hutumika kuifumbua anaporudi. Lakini anayekuja kwa SSH huleta saini, haleti nywila. Saini humthibitisha bila kutoa siri ya kufumbulia nyumba, na authorized_keys iko ndani ya nyumba iliyofungwa. Lilikuwa fundo lilelile la AFS. Kwa miaka minne mtu alilazimika kuwa ameshaingia mbele ya kompyuta yenyewe ndipo aweze kuingia kutoka mbali.

Sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa kuutoa ufunguo wa wazi nje ya nyumba na kuuweka katika kumbukumbu za mtumiaji, ambako seva ya SSH huweza kuuulizia hata nyumba ikiwa imefungwa. Sehemu ya pili ilikuja na toleo 256, Juni 2024. Anayethibitishwa kwa ufunguo huo hupokewa kwanza na programu ndogo iliyo nje ya nyumba, kama mgeni aliyefika barazani. Humo huulizwa nywila yake. Akiitaja sawasawa, saraka hufumbuliwa na kuwekwa mahali pake chini ya /home, programu yake ya kawaida ya kupokea amri huwashwa, naye huendelea na kazi akiwa nyumbani.